Wasomaji wanauliza: Nikihamia Linux, gemu zangu zitafunguka?

Tangu Microsoft waache kutoa apdeti za bure za kawaida za Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, meseji za safu hii zimebadilika kabisa. Zamani mlikuwa mnauliza virusi na simu kujaa, sa hivi ni Linux, yani mfumo wa kuendeshea kompyuta unaoweza kuuweka badala ya Windows, na sio Linux ya seva wala ya chuo, ni Linux ya kuchezea gemu. Mi nimefurahi sana maana ndo kitu nakipenda, kwaiyo toleo hili lote nimeliachia hilo. Barua nimezifupisha kidogo.

"Mtaalam habari za kazi. Nina HP EliteBook 840 G3, i5, RAM 8, niliichukua used Kariakoo. Windows 11 inagoma inasema prosesa haifai. Fundi anataka kuniwekea Linux Mint ila mimi jioni nikitoka kazini napenda gemu, na miaka yote nasikia Linux haina gemu. Mambo yamebadilika kweli au ni stori tu?" (Msomaji, Morogoro)

Yamebadilika kweli ndugu yangu. Kwanza laptopu yako haina kosa lolote, ni kwamba G3 inatumia Intel kizazi cha 6 na Microsoft wameamua Windows 11 ianzie kizazi cha 8, basi, mashine nzima kabisa inaonekana imezeeka. Used nyingi zilizoko Kariakoo na Nairobi ni za rika hilo hilo, ndo maana swali lako wengi wanalo.

Sasa hao waliokuambia Linux haina gemu hawakudanganya, kwa wakati wao ilikuwa hivyo. Gemu nyingi za kompyuta zinatengenezwa zizungumze na Windows, hasa na DirectX inayoshughulika na kuchora picha, ukiipeleka Linux hakuna anayeielewa. Programu inayoitwa Wine ilikuwepo tangu 1993, kazi yake ni kama mkalimani, gemu inaomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inakigeuza Linux ielewe, ila ikifika kwenye picha nzito za 3D ilikuwa inahema. Halafu 2012 Gabe Newell, bosi wa Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, akasema hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa watu wote wa PC, maana aliona Microsoft wanakuja na duka lao ndani ya Windows. Mwaka 2013 Valve wakatoa Steam ya Linux, 2015 zikaja kompyuta za sebuleni zinaitwa Steam Machines, zikafeli, kwa sababu ilibidi kila mtengenezaji wa gemu akubali kuitengeneza upya kwa ajili ya Linux na wengi hawakuona faida yake.

Kilichofungua njia kilikuja 2018. Kuna Mjerumani mmoja, Philip Rebohle, alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux na ikawa haichezeki, akakaa chini akaandika DXVK, programu inayochukua maagizo ya DirectX na kuyageuza kuwa ya Vulkan, nayo ni ya kuchora picha kama DirectX ila Linux inaijua vizuri sana. Valve wakaanza kumlipa aendelee, wakaunganisha kazi yake na Wine wakishirikiana na kampuni ya CodeWeavers, na Agosti 2018 wakatoa Proton, yani Wine na DXVK zikiwa pamoja, ndani ya Steam yenyewe. Siku ya kwanza gemu zilizothibitishwa zilikuwa 27 tu, leo ni maelfu kwa maelfu, na nyingi mtengenezaji wake hajagusa kitu, we unabonyeza Install inashuka unacheza. Na karibu kazi hiyo yote iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bure, yan kijana wa Morogoro anapata kile kile anachopata kijana wa Berlin bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hilo mimi linanigusa kuliko gemu zenyewe.

Waliokuwa bado wanabisha wakanyamazishwa na Steam Deck, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi ya Valve iliyotoka Februari 2022, ndani yake ni Linux. Kwenye hesabu ya kila mwezi ya Steam, muda mfupi kabla ya Proton watumiaji wa Linux walikuwa hawafiki hata asilimia 1, Oktoba 2025 wakavuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache bado na Windows ina zaidi ya asilimia 90, sitaki mtu adanganywe, ila hao wachache wa Steam ni mamilioni ya watu.

Turudi kwenye mashine yako. Grafiki yako ni Intel HD 520 ya ndani, na Linux haitaigeuza kuwa kadi kubwa. Stardew Valley, Hollow Knight, Left 4 Dead 2, Euro Truck Simulator 2 ukishusha ubora wa picha, na zile GTA za zamani, hapo utafurahi. Red Dead Redemption 2 sahau. Weka Mint kama fundi alivyosema, Steam ichukue kama faili la kusakinisha la .deb, na kama utaangukia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, usichukue ile inayokuja kwa njia ya Snap maana inasumbua na upande wa Valve walishawashauri watu waiepuke. Gemu usizihifadhi kwenye partisheni (kipande cha diski) ya NTFS iliyobaki na Windows, zinaweza kugoma kufunguka afu utalaumu Linux bure, zipe partisheni ya ext4, ule mpangilio wa diski wa Linux. Na kabla hujatoa hela yako kununua gemu yoyote tafuta jina lake kwenye tovuti ya ProtonDB, watu wanaandika humo imewaendeaje, soma maoni ya mwenye mashine inayofanana na yako sio ya mwenye kadi ya milioni mbili.

"Salaam aleikum fundi. Tuko Mombasa, mimi na ndugu yangu tuna kibanda cha gemu, PC tatu, vijana wanakuja kucheza EA FC, Valorant na Counter-Strike. Leseni za Windows zinatuumiza. Tukiweka Linux zote si tutaokoa pesa?" (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Kaka usiweke, au usiweke zote. Nakujibu hivi mapema kwa sababu hapa ndo watu wanaumia, wanafuta Windows usiku, asubuhi wateja wamekuja gemu haifunguki.

Counter-Strike 2 haina shida, Valve wenyewe wanaitoa kwa Linux moja kwa moja, na Dota 2 hivyo hivyo. Tatizo ni FC na Valorant. Hizi zina mlinzi wa kuzuia wadanganyifu, antichiti, na mlinzi mwenyewe anakaa ndani kabisa kwenye keneli ya Windows, kule chini kunakoendesha kila kitu. Proton inaweza kuigeuzia gemu maagizo lakini haiwezi kuiletea keneli ya Windows, maana haipo, iliyopo ni ya Linux. Kwaiyo mlinzi akikosa pa kukaa gemu inafungwa. EA, wenye FC, walianza kutumia mlinzi wao wa aina hiyo kwenye FIFA 23 na wakaendelea naye kwenye FC. Valorant ni hivyo hivyo, Call of Duty mpya, Fortnite, na League of Legends tangu 2024.

Watu wengi wanafikiri ni ufundi tu umekosekana. Sio hivyo kwa zote. Easy Anti-Cheat na BattlEye, walinzi wawili wanaotumika na gemu nyingi sana, tangu 2021 wanaweza kufanya kazi chini ya Proton, ila mwenye gemu lazima aruhusu. Elden Ring waliruhusu na inachezwa. GTA Online ilipowekewa BattlEye Septemba 2024 Rockstar, wenye GTA, hawakuruhusu, kwaiyo ile stori ya GTA V unaicheza vizuri ila onlaini hupiti. Apex Legends walishawahi kuruhusu, watu wakacheza zaidi ya miaka miwili, afu mwisho wa Oktoba 2024 wakafunga wakasema wadanganyifu wanapitia Linux. Nawaelewa kwa kiasi, kwenye Linux mwenye mashine ana mamlaka yote mpaka kwenye keneli na mdanganyifu anaweza kujificha humo. Lakini wadanganyifu wako wengi tu kwenye Windows na walinzi hao hao wapo, na aliyeumia kwenye uamuzi ule ni mtu aliyenunua vitu ndani ya gemu kwa hela yake, hajadanganya mtu, afu siku moja mlango unafungwa. Mimi hilo sikubaliani nalo na sitachoka kulisema.

Ushauri wangu kwa kibanda, chukua PC moja uifanye ya Linux kwa ajili ya Counter-Strike, Dota na gemu zisizo na mlinzi wa namna hiyo, mbili ziache na Windows. Kuna tovuti inaitwa Are We Anti-Cheat Yet, inaonyesha kila gemu imeruhusu au imekataa, iangalie kabla ya kubadilisha chochote. Na vijana wakikuletea ujanja wa kumzunguka mlinzi wa Valorant kataa, akaunti ya mteja ikifungiwa maisha lawama ni zako.

"Habari. Nimehamia Linux na gemu zinacheza safi ila bando linaisha! Nikiwasha Steam tu kuna vitu inashusha hata gemu sijafungua, inaandika shader. Ni nini hiki?" (Msomaji, Arusha)

Pole sana, na hili halisemwi na wanaofundisha kwenye video, wengi wao wana intaneti isiyohesabiwa.

Sheda ni vijiprogramu vidogo vinavyoiambia kadi ya grafiki ichore vipi mwanga, maji, ngozi, kila kitu. Gemu ya DirectX ikigeuzwa kwenda Vulkan sheda nazo lazima ziandaliwe upya kwa ajili ya kadi yako, na zikiandaliwa katikati ya mchezo picha inakwama kwama. Valve wakaona bora mashine yako ishushe kabisa zilizokwishaandaliwa kutoka kwa watu wenye grafiki kama yako, ndo hizo unazoziona, na gemu ikipata apdeti zinaweza kushuka tena. Ingia Settings, nenda Downloads, zima Shader Pre-caching. Utakwama kwama kidogo dakika za mwanzo kila gemu mpya, afu inatulia.

Proton yenyewe pia inashuka mara ya kwanza, hiyo huikwepi. Apdeti za gemu zipangie muda, kama una bando la usiku ziende usiku. Na kama una rafiki mwenye gemu ile ile uliyonunua, mnaweza kuhamishiana kwenye Wi-Fi moja, Steam wana hicho kitu tangu 2023, mko kwenye akaunti zenu na mmekuwa marafiki humo Steam, basi ukianza kushusha inavuta kwa rafiki badala ya kuvuta mtandaoni. Gemu ya GB 60 hapo Arusha kwa hela ya bando ni nyingi mno, tumieni hiyo.

"Bro nimeweka Mint kwenye ThinkPad ya i5 kizazi cha 3, kila gemu ya Proton inafunguka kioo cheusi afu inajifunga." (Msomaji, Mwanza)

Grafiki ya kizazi hicho ni HD 4000 na Vulkan yake haijakamilika, wakati DXVK tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022 inataka Vulkan 1.3. Fungua Properties za gemu, pale kwenye Launch Options andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% hivyo hivyo bila kubadilisha herufi. Itatumia OpenGL, njia ya zamani ya kuchora picha, badala ya Vulkan, gemu za zamani zitaamka ila spidi itashuka. Ikigoma tena tafuta zile zilizotengenezewa Linux moja kwa moja, kwa hiyo mashine ndo zitakufaa zaidi.

"Assalaam aleikum. Niko Muscat, nimeletewa Steam Deck kutoka Uingereza. Nataka nimpelekee mdogo wangu Unguja, anasoma, je kile ni kitu cha kuchezea tu au ataweza kufanyia na kazi?" (Msomaji, Oman)

Waaleikum salaam. Ni kompyuta kamili. Shikilia kitufe cha kuwasha, chagua kuhamia Desktop, itafunguka meza ya KDE Plasma kama kompyuta yoyote, ataweka Firefox, LibreOffice, hata vifaa vya kujifunzia kutengeneza programu za kompyuta. Mnunulie na kile kigawanyio cha USB-C chenye HDMI, atachomeka kioo, kibodi na mausi. Pedi ya PlayStation nayo inakubali, Sony wenyewe wameandika draiva yake ndani ya Linux. Kitu kimoja tu kifikirie, Valve hawauzi Deck rasmi kwetu Afrika Mashariki, kikiharibika hakuna pa kukirudisha, kwaiyo mtafutie na kifuko kigumu.

"Mwanangu yuko kidato cha tatu, ananisumbua nimruhusu afute Windows kwenye kompyuta ya nyumbani aweke Linux anaita Bazzite, anasema ni ya gemu. Naitumia na mimi kwa kazi za ofisi. Nimkatalie?" (Mama, Dodoma)

Shikamoo mama. Usimkatalie, ila usimruhusu afute. Bazzite ni nzuri na imetengenezwa ili mtu apate kitu kinachofanana na Steam Deck kwenye kompyuta yake, ila kwa kompyuta mnayochangia nyie wawili mi ningemwambia aanze na Mint, anaiweka kwenye flashi ya GB 8, anawasha kompyuta kwa flashi hiyo, Linux inafunguka bila kugusa kitu cha ndani. Wi-Fi ikishika, sauti ikitoka, printa yako ikichapa, hapo mnaweza kuongea habari ya kuiweka kabisa.

Na hata hapo asifute, aiweke pembeni ya Windows, ukiwasha unachagua. Kinachofaa zaidi kama bajeti inaruhusu ni kununua diski ndogo ya pili aina ya SSD iwe ya kwake peke yake, muiweke ndani kama kompyuta ina nafasi, akiharibu anaharibu ya kwake. Kabla ya yote hayo mafaili yako ya ofisi yahamishie kwenye diski ya nje na uichomoe kabisa siku anayofanya kazi hiyo. Na muulize gemu anazocheza na wenzake ni zipi, akitaja FC au Fortnite mwambie asome jibu la kaka wa Mombasa hapo juu kabla hajaanza.