Kozi imekwisha, chupa bado mkononi: maswali yenu

Nilifaulu vizuri somo la mazingira chuoni. Mbona bado nanunua maji ya chupa kila siku? (Mwanafunzi, Malindi)

Si unafiki. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kuwa nia ya kutenda hutokana na mambo matatu: msimamo wa mtu, anavyodhani wenziwe wanamtarajia afanye, na kama anaona jambo lenyewe analiweza. Mhadhara hugusa zaidi lile la kwanza. Ikiwa bwenini hakuna maji ya kuaminika na kila rafiki ana chupa yake, noti zako zitakusaidia nini? Chemsha maji, weka mtungi chumbani, wakaribishe wenzako. Kumbuka pia Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017: watu walirudia vikapu bila kufanya mtihani wowote.

Binti yangu karudi likizo, ananikataza kununua boriti za mikoko. Nyumba zetu si zimejengwa nazo tangu zamani? (Mama, Lamu)

Shikamoo mama. Hofu yake ina msingi: samaki na kamba hukulia kwenye mikoko, na Lamu ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ila kukataza tu hakutoshi. Mwambie mwende pamoja kwa muuzaji, aulize kibali cha kukata kiko wapi. Halafu akae na wakataji wazee wamwonyeshe aina za mikoko kama mkandaa na mchu, na tofauti ya unene wa miti: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Nina shaka kama chuoni walimfundisha hayo, na bila hayo hatasikilizwa na mtu gatini.

Chama chetu chuoni kinaandaa siku ya kupanda mikoko kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu. Itawabadilisha wanafunzi?

Siku moja itawapa picha nzuri. Kinachobadilisha ni kurudi. Kila kikundi kipewe kipande chake, kihesabu miche iliyo hai baada ya miezi mitatu, kisha sita, na kieleze iliyokufa imekufa kwa nini: mawimbi, kaa, au ilipandwa pasipo pake? Mkutano wa kimataifa wa Tbilisi, Georgia, wa 1977 uliweka stadi na ushiriki miongoni mwa malengo ya elimu ya mazingira, sambamba na maarifa. Vyuo vingi, naona, vimeshika maarifa tu.

Wanaosomea biashara nao wafundishwe mazingira?

Hao hasa. Ndio watakaoamua maji machafu ya hoteli yaelekezwe wapi.