Kwa nini 5 / 9 inakupa sifuri wakati kila kitu umekiandika double

Mkuu mleta uzi, umesema programu yako ya Java ya kubadilisha Fahrenheit kuwa Celsius inatoa sifuri kwa kila joto unaloingiza, na mstari wenyewe ni huu:

double c = 5 / 9 * (f - 32);

f ni double (aina ya namba yenye desimali), c ni double, na fomula umeinakili ilivyo. Wachangiaji wawili juu yangu wamekushauri: mmoja ubadilishe ziwe float (nayo ni aina ya desimali), mwingine uachane na Java uhamie Python. Wa kwanza hajakusaidia kitu. Wa pili nitamrudia. Mimi nimesahihisha kazi za wanaoanza programu kwa muda mrefu, na mstari huu nimekutana nao kwa sura nyingi hadi macho yangu siku hizi hukimbilia alama ya kugawanya kabla sijasoma kingine.

Tatizo haliko kwenye c wala kwenye f. Liko kwenye 5 na 9. Zote mbili umeziandika bila nukta, kwa hiyo Java inazihesabu kuwa int (namba kamili, isiyo na desimali), na int ikigawanywa kwa int jibu ni int. Tano kwa tisa haiingii hata mara moja: jibu 0, baki 5, na hiyo baki inatupwa. Kisha 0 inageuzwa kuwa 0.0 ili izidishwe na (f - 32) ambayo ni double, na sifuri mara chochote unajua inakwenda wapi. Ukitaka kuona kwamba kuzidisha kunafanyika kweli, ingiza nyuzi 20 za Fahrenheit. Utapata -0.0, sifuri yenye alama ya kutoa, kwa sababu 0.0 imezidishwa na -12.0. Namba za double zina sifuri mbili, za int zina moja. (Usihangaike nazo, ukizilinganisha kwa == zinahesabika sawa.)

Jambo la kushika ni hili: Java huamua aina ya jibu kwa kutazama namba mbili zilizo pembeni mwa alama, hapo hapo, alama moja baada ya nyingine. Haitazami jibu linakwenda kuwekwa wapi. Neno double uliloliweka kushoto mwa alama ya sawasawa linafika zamu yake mwishoni kabisa, hesabu imeshakwisha na desimali zimeshapotea. Ndiyo maana hata ukiweka float hakibadiliki kitu.

Andika 5.0 / 9 * (f - 32). Nukta moja inatosha, kwa kuwa upande mmoja ukiwa double, ule wa pili hupandishwa kuwa double kabla ya kugawanya.

Wapo watakaokuambia uweke (double) mbele. Sawa, ila angalia unaiweka wapi. (double) 5 / 9 inafanya kazi, maana (double) inaishika 5 kwanza, ndipo kugawanya kunafuata. (double) (5 / 9) haifanyi, kwa kuwa mabano yamelazimisha mgawanyo uanze na unayempandisha cheo ni sifuri. Hili nalikuta sana kwenye wastani. Chukua alama 7, 8 na 8. Jumla ni 23, idadi ni 3:

(double) (jumla / idadi) inatoa 7.0
(double) jumla / idadi inatoa 7.666666666666667

Kwa maoni yangu hiyo 7.0 ni mbaya kuliko sifuri yako, kwa sababu inafanana na jibu. Sifuri imekuleta hapa jukwaani siku hiyo hiyo. 7.0 mtu anaikabidhi na kwenda zake.

Tuliosoma hesabu kwa Kiswahili tumekaririshwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukiifuata neno kwa neno kwenye programu itakupoteza. Katika Java, C na Python, kuzidisha, kugawanya na kutafuta baki (%) vina cheo kimoja, na vinatekelezwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kujumlisha na kutoa vilevile: 10 - 4 + 3 ni 9, hata kama JU imetangulia TO. Kwa sababu hiyo (f - 32) * 5 / 9 inatoa jibu sahihi bila nukta yoyote. (f - 32) ni double, ikizidishwa kwa 5 inabaki double, ikifika kwenye 9 bado ni double. Lakini siipendi, kwa kuwa usalama wake wote umeegemea f. Siku mtu akibadilisha f kuwa int, nyuzi 100 zitakwenda hivi: 68 mara 5 ni 340, gawanya kwa 9, unapata 37 badala ya 37.78. Kompaila, yaani programu inayotafsiri kodi yako, haitasema neno.

Sasa tazama mstari huu wa pili, ambao wengi hawaoni kwamba ni ugonjwa uleule:

long ms = 30 * 24 * 60 * 60 * 1000;

Ni milisekunde za siku 30, zinatakiwa ziwe 2,592,000,000. Chapisha uone: -1,702,967,296. Mtu anaapa kwamba ametumia long, na long, namba kamili pana kuliko int, inabeba namba kubwa mno, hadi 9,223,372,036,854,775,807. Kweli, lakini nani aliyezidisha? Namba zote tano upande wa kulia ni int, biti 32, na mwisho wa int ni 2,147,483,647. Hesabu ikivuka hapo haisimami wala hailalamiki. Inazunguka na kuibukia upande wa hasi. Hiyo hasi ndiyo inayopokelewa na long, salama salimini. Dawa yake ni kuandika 30L mwanzoni, ili tangu kuzidisha kwa kwanza kazi ifanyike kwa long. Tumia L kubwa, ile ndogo inafanana mno na 1. Na kama unataka programu ipige kelele badala ya kunyamaza, tumia Math.multiplyExact, iliyoingia na Java 8.

Msidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa walioandika maktaba za Java zenyewe, alieleza kwamba njia ya kutafuta kwa kukata orodha nusu kwa nusu iliyokuwemo ndani ya java.util.Arrays ilikuwa na dosari: ilitafuta katikati kwa (low + high) / 2, low ikiwa nafasi ya mwanzo na high ya mwisho. Orodha ikiwa kubwa sana, jumla inavuka mwisho wa int kabla hata kugawanya hakujaanza. Ukiandika low + (high - low) / 2 unakwepa.

Haya, Python. Kwenye Python 3 alama ya / hutoa desimali siku zote, kwa hiyo 5 / 9 ni 0.5555555555555556, na namba kamili hazina mwisho wa biti 32. Ni raha kwa anayeanza, sikatai. Ila Python 2 ilikuwa inatoa sifuri ileile, na hata leo ukihitaji mgawanyo wa namba kamili unatumia //, ambao una tabia yake. -7 // 2 kwenye Python ni -4, kwa sababu hushuka chini. Kwenye Java -7 / 2 ni -3, kwa sababu hukata kuelekea sifuri. Baki nazo hutofautiana: -7 % 2 ni 1 kwa Python na -1 kwa Java. Kwa hiyo anayepima namba witiri kwenye Java kwa n % 2 == 1 anazikosa hasi zote. Andika n % 2 != 0 ulale usingizi.

Usije ukaondoka hapa umeamua kila kitu kiwe double. Jumlisha 0.1 na 0.2 upate 0.30000000000000004. Hiyo si hitilafu ya Java; ndivyo namba hizi zilivyo chini ya kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho mashine karibu zote hukifuata. Kwenye mfumo wa mbili, unaotumia 0 na 1 tu, moja ya kumi haiishi, kama theluthi isivyoisha kwenye mfumo wa kumi, kwa hiyo inakatwa mahali. Ukianza na 0 ukaongeza 0.1 mara kumi unapata 0.9999999999999999, na kitanzi kinachosubiri x != 1.0 kitazunguka hadi uchomoe waya. Vitu vya kuhesabika viwe int au long. Fedha ziweke kwenye long kwa kipimo chake kidogo kabisa, au tumia BigDecimal (aina ya Java inayotunza desimali bila kuzikata hivyo) iliyoundwa kwa maandishi, new BigDecimal("0.1"), maana ukiipa 0.1 bila alama za nukuu umeipa ile iliyokwishakatwa.

Kurudi nyuma, kutoka desimali kwenda int, Java inakulazimisha uandike (int) kwa mkono wako, na ni vizuri. (int) 36.99 ni 36, inakata, haikadirii. Ukitaka kukadiria ni Math.round. Roketi ya Ariane 5 iliyorushwa tarehe 4 Juni 1996 ilipotea kabla ya dakika kutimia baada ya namba ya desimali ya biti 64 kulazimishwa iingie kwenye namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767.

Kwako wewe, ukishaweka hiyo 5.0 utaanza kuona mlolongo wa 37.777 na zaidi kwenye skrini. Usiikate kwa (int). Tumia System.out.printf("%.1f%n", c), inapunguza kinachoonyeshwa tu, c yenyewe inabaki na desimali zake kwa hesabu zinazofuata.