Taa za nyuma ya paneli: wadogo zangu, someni kabla ya kununua LED

Kila nikialikwa kuona kokpiti mpya ya Boeing 737 ambayo kijana wa hapa Nairobi amejijengea nyumbani kwa ajili ya kuigiza urushaji ndege kwenye kompyuta, mwenyeji hukimbilia kuzima taa ya chumba ili nione maajabu. Paneli inawaka, nami najikuta kama nimepanda matatu ya Rongai usiku: buluu hapa, zambarau kule, mwanga unamwagika kwenye kila tundu la swichi. Kazi imefanyika, hongera. Lakini 737 haiwaki hivyo, jamani. Na kwa kuwa makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi, sisemi kwa kejeli. Si sana.

1. Rangi ya mwanga. Paneli za 737 tulizozizoea zilimulikwa kwa balbu ndogo za volti 5, zile za uzi, ndiyo maana mwanga wake umeelekea manjano. Tafuta LED nyeupe ya joto, kelvini 3000 au chini yake. Ukiwa Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki, mwambie muuzaji aiwashe kabla hujatoa pesa, na ununue ya kokpiti nzima siku hiyo hiyo. Ukirudi baadaye kuongeza, rangi haitalingana.

2. Rangi ya kupaka. Kwenye akriliki ya maziwa, ile plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, anza na nyeusi, kisha kijivu juu yake. Kabla ya kuipeleka kwa fundi wa leza akwangue rangi na kuchonga herufi zitakazopitisha mwanga, ingia nayo gizani na umulike tochi kwa nyuma. Ukiona vitundu vya mwanga, ongeza koti.

3. Usibandike mkanda wa LED mgongoni mwa paneli. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu na upake ndani ya boksi la nyuma ya paneli rangi nyeupe, la sivyo neno APU litang'aa na neno FUEL liwe limezimia.

4. Kusafisha. Hapa mnivumilie.

Leza ikishachonga herufi, huacha masizi ya rangi iliyoungua. Fundi wangu kule Industrial Area aliniambia nifute kwa maji na sabuni. Mimi, niliyezoea kusafisha bodi za saketi kwa spiriti, nikaona sabuni ni ya vyombo. Nikachukua pamba, nikafuta paneli nzima ya juu, herufi kwa herufi, huku naimba. Masizi yalitoka vizuri ajabu. Mchana huo nikapiga picha, nikawatumia watu, nikasifiwa.

Usiku nikawasha. Kila tundu la swichi lilikuwa limezungukwa na nyufa nyembamba, nyingine zimetoka tundu moja hadi la pili, na kila ufa ulikuwa umebeba mwanga kuliko maandishi yenyewe. Mchana sikuziona kabisa. Nyufa za akriliki ukizimulika kwa nyuma, hazina pa kujificha.

Basi asubuhi nikaenda kumgombeza aliyeniuzia shiti ya akriliki. Mzee wa watu hakunijibu. Alichukua kipande kilichokatwa kwa msumeno, akakipaka spiriti: hakuna kitu. Akachukua kingine chenye ukingo wa leza, akapaka, na nyufa zikaanza kutembea tukiangalia. Leza hupasha ukingo joto, ukingo ukapoa haraka na kubaki umejivuta. Spiriti au thina ikiingia hapo, unapasuka. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama nataka shiti nyingine, na ya unene gani.

Kwa hiyo: maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa laini. Kingo za matundu zizibwe kwa rangi ya maji, si ya thina. Mwenye oveni inayoweza kutulia kwenye nyuzi 80 aoke vipande saa kadhaa baada ya kukata, mkazo ulegee. Oveni, nimesema. Jiko la makaa si oveni, na aliyejaribu anajijua.

5. Stima. Pini ya Arduino, ile bodi ndogo ya saketi inayoongeza na kupunguza mwanga, inastahimili miliampia 20 bila wasiwasi. Mita moja ya mkanda wa kawaida wa volti 12, wenye LED ndogo 60, hunywa karibu ampia 0.4. Weka mosfeti, swichi ya kielektroniki itakayobeba mzigo huo badala ya pini. Itake IRLZ44N kwa jina. IRFZ44N huhitaji karibu volti 10 kwenye geti, kwa volti 5 haifunguki sawasawa, halafu inachemka. Muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kimoja. Unganisha graundi zote, na kila paneli iwe na fyuzi yake.

6. Kiwango cha mwanga. Kaa gizani dakika kumi, kisha punguza mpaka maandishi yasomeke kwa shida kidogo. Ukiwa fainali, yaani unakaribia kutua, kwenye ranwei 06 ya uwanja wa JKIA usiku, unatakiwa uone taa za ranwei, si paneli yako ikijitazama kwenye skrini. Na ukirekodi kwa simu ukaona mistari inapita, usipaniki: Arduino inawasha na kuzima LED karibu mara 490 kwa sekunde, kamera inaikamata, jicho haliioni. Mkanda ni mzima. Usirudi Luthuli kugombana na mtu.