Shamba Lisilo na Dalali

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kwa nini watu wazima wenye kazi na familia hunaswa na michezo ya simu na kompyuta ya kulima, kufuga na kuendesha maisha ya kubuni, ilhali michezo hiyo haina vita wala mashindano? Pili, je, jambo hilo litutie wasiwasi? Jibu ambalo nalisikia kila mahali ni kwamba michezo hiyo hutuliza akili baada ya foleni na kelele za Dar es Salaam. Silikatai, lakini naliona halitoshi, kwa sababu kinachotuliza hakimfanyi mtu akeshe. Upepo wa Coco Beach unatuliza vilevile, na sijamwona aliyeshindwa kuondoka pale usiku wa manane kwa sababu ya utulivu wake. Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, na jibu langu ni la kihasibu: watu hunaswa kwa sababu ndani ya michezo hiyo hesabu za karatasi hutimia.

Mkazi yeyote wa jiji hili aliyewahi kuwa na akiba kidogo anazijua hesabu za karatasi. Huletwa ofisini na mwenzako, au hutumwa kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zimepangwa vizuri katika jedwali: ekari moja ya matikiti Mkuranga au Rufiji, idadi ya mashina mara matunda mawili kwa kila shina, matunda mara bei ya sokoni wakati wa Ramadhani, toa mbegu, mbolea, dawa na posho ya kijana wa shamba, na kinachobaki kinatosha kununua kiwanja. Hapo ndipo huanza kile tunachokiita kilimo cha simu, ambapo mtu anakaa Tabata na kulima kwa kupiga simu na kutuma fedha. Nimeletewa majedwali mengi ya namna hiyo niyakague, na kwa kawaida kujumlisha na kutoa kwake huwa hakuna kosa. Kinachokosekana ni safu ya pampu iliyoungua, safu ya mvua za vuli zilizochelewa, safu ya gunia la lumbesa, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja ingawa limeongezewa mzigo juu na kushonewa kamba, na safu ya dalali anayelipokea gari alfajiri na kumwambia mwenye mzigo kwamba bei imeshuka tangu jana.

Sasa tuutazame mchezo wa Stardew Valley, ambao ndio ninaoujua zaidi. Mchezaji huanza akiwa mfanyakazi aliyechoshwa na kampuni kubwa; anafungua barua aliyoachiwa na babu yake marehemu, na kurithi shamba lililoota magugu kijijini. Anapewa mbegu 15 za mmea wa mizizi unaofanana na karoti nyeupe, na mfukoni ana fedha 500 za huko. Anatifua udongo kwa jembe, anapanda, anamwagilia kila asubuhi, na baada ya siku 4 anavuna. Mbegu moja hununuliwa kwa 20, na zao lake la ubora wa kawaida huuzwa kwa 35. Hiyo ni faida ya asilimia 75 kwa siku 4, bila ushuru wa mazao, na mauzo hufanyika kwa kutumbukiza mavuno katika sanduku lililo nje ya nyumba, halafu fedha huingia usiku huohuo kwa bei isiyobishaniwa. Ukisahau kumwagilia, mmea haufi; unasimama tu kukusubiri. Televisheni ya chumbani hutangaza hali ya hewa ya kesho, na kesho huwa hivyohivyo. Msimu una siku 28 kamili, na siku msimu mpya unapoingia mazao mengi ya msimu uliopita hukauka, lakini siku hiyo inajulikana tangu mwanzo, hivyo hata hasara ina tarehe yake.

Nilimwonyesha mchezo huu mama yangu mdogo, anayelima mihogo na kuhudumia mikorosho yake Mkuranga, alipokuja mjini kwa harusi ya ndugu yetu. Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, na wala hakujali ng'ombe waliokuwa wakipita na kupendeza. Alichouliza kwanza ni, "Ndege hawali?" Nikamweleza kwamba kunguru huja mazao yakiwa mengi, ila ukisimamisha sanamu ya kuwatishia, eneo lote linaloizunguka huwa salama. "Sanamu moja?" Moja. "Na nguruwe pori?" Hakuna. "Na huyu anayeng'oa mihogo ya watu usiku?" Hayupo. Akanirudishia simu. "Basi hapo, mwanangu, hata mimi ningelima mpaka asubuhi."

Aina hii ya mchezo haikubuniwa na watu waliobaki shambani. Yasuhiro Wada, aliyetoa Harvest Moon nchini Japani mwaka 1996, alikulia mashambani kabla ya kwenda Tokyo kutafuta maisha, na mchezo wake ulitokana na kuyakumbuka yale aliyoyaacha nyuma. Miaka 20 baadaye, mwezi Februari 2016, Mmarekani Eric Barone, ambaye alikuwa mpenzi wa mchezo huo, alitoa Stardew Valley baada ya kuutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na maandishi vyote vikiwa kazi yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 40. Dar es Salaam imejaa watu wa aina ya Wada. Wengi wetu tuna kijiji cha kukitaja tunapoulizwa kwetu ni wapi, na tuna shamba la ukoo ambalo tunaahidi kila Desemba kwamba tutakwenda kuliangalia.

Hata hivyo, hesabu inayotimia inaeleza kwa nini mtu aupende mchezo, lakini haielezi kwa nini ashindwe kuzima simu. Hapo kuna ufundi wa pili, nao umefichwa katika jinsi siku inavyokatwa. Siku ya Stardew Valley huanza saa 12 asubuhi na kufika mwisho saa 8 usiku, muda ambao kwa saa ya ukutani ni kama dakika 14 hivi. Kwa kawaida kazi yako huhifadhiwa pale mkulima wako anapolala. Mtu mwenye nia njema hujiambia, basi, nimalize siku hii nilale na mimi. Anampeleka mkulima kitandani, na papo hapo inatokea taarifa ya mauzo ya siku, bidhaa kwa bidhaa na jumla yake chini, kisha kunakucha, na sauti ya moyoni inasema leo viazi vimekomaa. Mahali pekee panapofaa kuachia ndipo hapohapo panapovutia zaidi kuanza upya. Ongeza kwamba mazao hayakomai pamoja: kuna yale ya siku 4, viazi vya siku 6, koliflawa ya siku 12, na kila moja limepandwa siku yake, hivyo hautokei usiku ambao hakuna kitu kinachongojewa kesho. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 utafiti ulioonyesha kwamba watu hukumbuka kazi iliyokatizwa kuliko ile iliyokamilika. Mchezo wa kilimo, kwa umbo lake, ni kazi iliyokatizwa daima. Kuna pia kuku wa kulishwa, mgodi wa kushuka, na wanakijiji wenye siku zao za kuzaliwa ambao hufurahia zawadi, lakini hayo kwangu ni viungo. Chakula chenyewe ni ile kesho.

Hadi hapa nimeutetea mchezo mmoja, na ingekuwa si haki kuuchanganya na michezo mingine inayofanana nao kwa sura. FarmVille, uliotoka kwenye Facebook mwezi Juni 2009 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2020, ulikuwa na kanuni ngumu: mazao yalifuata saa halisi, na ukichelewa kurudi yalikauka. Hay Day wa kampuni ya Supercell ya Ufini, uliotoka mwaka 2012 na ambao nauona mikononi mwa abiria wa mabasi ya mwendokasi ya Kimara kila jioni, ni mpole zaidi kwa mazao lakini una ujanja zaidi kwa mchezaji. Ngano hukomaa kwa dakika 2, mahindi kwa dakika 5, karoti kwa dakika 10, miwa kwa nusu saa. Yaani kuna zao kwa kila kituo cha njiani. Ghala linaanza na nafasi ya vitu 50 tu, na ili uliongeze unahitaji misumari, skrubu na mbao, ambavyo huvipati kwa mpango bali huibuka kwa bahati unapovuna. Nimemwona dada mmoja akipanda na kuvuna ngano kutoka Kimara hadi Magomeni bila kuhitaji ngano yoyote. Alikuwa akitafuta msumari. Kwa mtu ambaye kazini anaandika misumari kwa kilo, jambo hilo lilinichekesha sana, lakini pia lilinionyesha tofauti ilipo. Katika mchezo huu hesabu haitimii tena kwa jasho lako peke yake. Inategemea bahati, na bahati ikichelewa zipo almasi za kuharakisha mambo, ambazo huuzwa kwa fedha halisi. Dalali amerudi, ila safari hii anauza muda.

Kuhusu wasiwasi, Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza michezo ya kielektroniki katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Vigezo vyake si vyepesi: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia shughuli nyingine zote, anaendelea hata madhara yakionekana, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Kukesha Ijumaa moja kwa ajili ya maboga hakumo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walitumia kumbukumbu za muda halisi wa kucheza zilizotolewa na kampuni zenyewe, badala ya kuwauliza wachezaji wakadirie. Mmoja wa michezo miwili waliyoichunguza ulikuwa Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa maisha ya kisiwani uliotoka Machi 2020. Waliocheza zaidi walielekea kujisikia vizuri zaidi, ingawa uhusiano huo ulikuwa mdogo na hauthibitishi kwamba mchezo ndio ulioleta nafuu.

Wazee wanaolalamika kwamba vijana wanalima kwenye simu badala ya kushika jembe la kweli nawaheshimu, ila naona wamemlenga asiye na kosa. Anayelima karoti za kubuni hupoteza usingizi. Anayelima matikiti kwa jedwali la WhatsApp hupoteza mkopo wa SACCOS. Mimi hukagua mambo mawili tu: kama kuna fedha inayotoka kununua almasi, na mtu amelala saa ngapi. Kwa anayeniuliza aanze na mchezo upi, humwambia achague Stardew Valley, kwa kuwa hununuliwa mara moja, huchezwa bila bando, na ndani yake hakuna cha kununua kwa fedha halisi. Tena aweke alamu ya kuacha kabla hajamlaza mkulima wake, na ilie mchana wa mchezo ukiwa bado unaendelea, maana akisubiri mpaka aione taarifa ya mauzo hatazima.