Karafuu moja kali, nyengine ukungu: nibane tundu la lenzi kiasi gani?

SWALI

Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Baba mdogo anauza karafuu na viungo vya rejareja, na ameniomba picha za karafuu mbichi kwa ajili ya lebo za pakiti zake. Nina kamera yenye sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea nuru) ya ukubwa wa APS-C, megapikseli 24, na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vya karibu, ya milimita 100. Nikipiga kishada kwa tundu la f/2.8, karafuu moja inatoka kali na zilizobaki ni ukungu mtupu. Rafiki yangu akaniambia nibane mpaka f/22. Nikabana. Karafuu zote zimeingia, lakini picha nzima imelegea, kama nimepiga nyuma ya kioo kilichopuliziwa pumzi, na nyengine zimetikisika. Namba ipi ndiyo sahihi? Na kwa nini dada yangu akipiga kwa simu kila kitu kinatoka kikali?

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Mpe baba mdogo salamu zangu. Amefanya vyema kutaka karafuu mbichi mtini, maana ile kavu kila mtu anaijua.

Namba utakayoitumia mara nyingi ni f/11, na f/8 siku yenye upepo. Lakini nikikuachia hapo nitakuwa sijakusaidia, kwa sababu ukiendelea kusimama pale unaposimama sasa, hata f/11 itakuangusha. Mimi tundu ndilo jambo la mwisho ninaloligusa. Kwanza naamua ni sehemu gani ya kishada lazima itoke kali. Kisha naigeuza kamera mpaka sehemu ile ilale sambamba na sensa. Hapo ndipo nauliza namba.

Tuanze na tundu lenyewe. Ile namba ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Kwa lenzi yako ya milimita 100, f/4 ni tundu la milimita 25, na f/16 ni la milimita 6 na kidogo. Ndiyo maana namba ikikua tundu linasinyaa. Sasa chukua kawa ya kufunikia chakula, ilaze ubavu, ncha yake iguse ukuta. Nuru ya kila nukta ya karafuu inapotoka kwenye lenzi kwenda kwenye sensa ina umbo hilo hilo: mdomo mpana kwenye tundu, ncha kwenye sensa. Ncha ikigusa sensa barabara, nukta inatoka nukta. Ncha ikiangukia mbele au nyuma, sensa inapokea duara, na maduara yakilundikana ndiyo ule ukungu wako. Ukibana tundu, kawa inakuwa nyembamba. Hata ncha ikikosea kidogo, duara linabaki dogo kiasi cha jicho kulihesabu kuwa nukta. Unene wa tabaka ambalo jicho bado linalikubali ndio tunaouita kina cha fokasi.

Kwenye picha za karibu tabaka hilo hupungua vibaya, kwa sababu hii: ukiwa mita moja hivi kutoka kwenye mkarafuu na lenzi hiyo, kitu kikisogea milimita moja, ncha ya nuru husogea takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ukikaribia mpaka karafuu iwe na ukubwa ule ule kwenye sensa kama ilivyo mkononi, ikisogea milimita moja, ncha nayo husogea milimita moja nzima. Kosa lile lile, adhabu mara mia.

Tuseme unapiga kishada ili picha yako ichukue upana wa sentimita sita. Kwa f/2.8 tabaka kali lina unene wa milimita moja hivi. Kwa f/8 linafika milimita tatu, na kwa f/11 milimita nne. Sasa itazame karafuu iliyo tayari kuchumwa. Ina kikonyo chembamba cha kijani kinachoanza kupata wekundu. Juu yake kuna meno manne yaliyochomoza kama nyota, na katikati ya meno kichwa cha mviringo, ambacho ni petali nne zilizofumbatana. Kichwa hicho pekee kina milimita nne au tano. Kwa hiyo kwa f/2.8 hata kichwa cha karafuu moja hakiingii chote. Ulichokiona si kasoro ya lenzi yako.

Rafiki yako basi alikuwa na hoja, ila hakuimaliza. Nuru ikipita kwenye tundu dogo mno, hutawanyika ukingoni mwa tundu, na mtawanyiko huo haujali fokasi: unailegeza picha yote, mbele, kati na nyuma. Tena kwenye picha za karibu tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya linavyoandikwa. Kwa upana ule wa sentimita sita, f/22 yako inakuwa kama f/30, na karafuu ikiwa na ukubwa wake halisi kwenye sensa inakuwa f/44. Zipo kamera zinazokuonyesha namba hiyo halisi, kama Nikon zikiwa na lenzi zake za makro, na zipo zinazokuonyesha ile ya kawaida tu, kwa hiyo ukilinganisha na mwenzako msibishane bure. Kwa kamera yako, kwa f/22 nukta moja ya nuru hutapakaa kwenye upana wa pikseli kumi hivi. Kwa f/11 ni kama tano, na kwa f/8 ni kama nne. Ule mlegeo wa kioo kilichopuliziwa pumzi ndio huo.

Nami niliwahi kuingia shimo hilo. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa kazi ya picha za viungo kwa ajili ya kalenda. Nilikuwa na kungumanga iliyopasuka, basibasi yake nyekundu imeikumbatia mbegu kama wavu, na nikataka kila uzi wa ule wekundu uonekane. Nikabana mpaka f/32. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilipendeza sana. Ilipochapwa kwa ukubwa wa ukuta, basibasi ilikuwa kama imefukizwa moshi. Kazi ilirudiwa kwa gharama yangu.

Ndiyo maana nakwambia geuza kamera kabla ya kugeuza namba. Tabaka kali ni kama jamvi: ni pana kulia na kushoto, juu na chini, ni jembamba upande mmoja tu. Ukipiga kishada kwa juu, karafuu zinakutazama zikiwa kila moja na kimo chake, na tofauti kati ya ya mbele na ya nyuma inafika sentimita mbili au tatu. Hakuna tundu la kukupa sentimita tatu kwa umbali huo bila kuiharibu picha. Lakini shuka mpaka lenzi ilingane na kishada, kizunguke polepole, na utakuta upande ambao karafuu tatu au nne zimepangana karibu kwenye usawa mmoja. Hizo ndizo za kuzilaza kwenye jamvi lako.

Mimi hutumia chelewa. Naishika ikigusa vichwa vya karafuu mbili za pembeni, natazama kama ya kati imebaki nyuma au imetokeza, na nikiridhika naileta kamera mpaka mgongo wake uwe sambamba na chelewa. Juu ya kamera nyingi kuna alama ndogo, duara lililokatwa na mstari, na mstari huo unaonyesha sensa ilipo. Ulinganishe na chelewa ukitazama kwa juu, kisha hakikisha kwa ubavu kwamba kamera haikuinama. Ondoa chelewa, piga. Milimita nne za f/11 ambazo jana hazikutosha karafuu moja na nusu, leo zinachukua vichwa vitatu na meno yake.

Fokasi iweke kwa mkono. Zungusha pete mpaka upate upana unaoutaka, iache hapo, halafu sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu mpaka ukali ufike. Usiuweke kwenye ncha ya kichwa kilicho mbele kabisa. Uweke mahali meno yanapoanzia, ili tabaka ligawike mbele na nyuma. Na ukitazama kwenye kitundu cha jicho kumbuka kwamba kamera nyingi hukuonyesha tundu likiwa wazi kabisa mpaka pale unapobonyeza. Unachokiona ni f/2.8 hata kama umeweka f/11. Kama yako ina kitufe cha kubana tundu kabla ya kupiga, kitumie. Kama haina, piga moja ya kujaribia na uikuze kiooni.

Sasa mtikisiko. Kutoka f/2.8 kwenda f/22 umepunguza nuru mara 64, hivyo kama ulikuwa unapiga kwa 1/1000 ya sekunde, umejikuta kwenye 1/15, na mkarafuu haukai kimya kwa muda huo hata siku ambayo wewe huhisi upepo. Kwa f/11 ungekuwa na 1/60. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia nuru, kutoka 100 hadi 400 unapata 1/250, na hapo tunazungumza. Usiiogope ISO 400 wala 800 kwa kazi ya lebo. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO hiyo zinafichika kwenye karatasi. Karafuu iliyotikisika haifichiki.

Lakini dawa kubwa ni saa. Kwetu kusi na kaskazi zote huvuma kwa nguvu zaidi jua likishapanda. Toka alfajiri, baada ya sala, kabla upepo haujaamka. Umande bado uko kwenye matumba, nuru ni laini, na vichwa vya karafuu havina ule mwanga mweupe wa saa sita. Tawi likiwa bado linacheza, chomeka kijiti ardhini kando yake, funga kibanio cha nguo juu yake na ubane tawi nje ya picha. Mti usiumie. Tawi la karafuu hukatika upesi na huo ni mkate wa mwenye shamba. Ukiwa na flashi, iwekee kitambaa cheupe mbele na upige kwa 1/200. Mmweko wenyewe ni mfupi mno hata tawi halipati nafasi ya kucheza, na hapo unaweza kubaki f/11 bila wasiwasi.

Kwa kuwa ni lebo, una nafuu moja. Makadirio yangu yote ya milimita yanahesabu picha inayochapwa kama ukurasa wa kitabu kikubwa. Lebo ya upana wa sentimita nane husamehe zaidi. Karafuu ya nyuma iliyolegea kidogo kwenye kompyuta itaonekana kali kwenye pakiti. Kwa hiyo rudi nyuma kidogo, acha majani mawili matatu yaingie. Upana wa picha ukifika sentimita kumi na mbili, f/11 inakupa tabaka la zaidi ya sentimita moja. Mimi naona lebo yenye majani inauza kuliko kichwa kimoja kilichokuzwa mpaka hakijulikani ni nini.

Ukibana, utagundua kero mpya: majani na matawi ya nyuma yanaanza kuonekana na kuivuruga picha. Usirudi f/2.8 kwa ajili hiyo. Tafuta kishada ambacho nyuma yake kuna uwazi wa mita moja au zaidi wenye kivuli, au mwombe mdogo wako ashike kanga ya rangi iliyopoa nyuma kabisa. Umbali utaitia ukungu wenyewe.

Na f/2.8 usiitupe. Asumini, kilua, kikuba kilichofungwa kwa ajili ya harusi, hivyo mimi huvipiga f/2.8 au f/4, ukingo mmoja wa petali ukiwa mkali na mengine yote yakiyeyuka. Pale macho hayatafuti kuhesabu kitu. Mnunuzi wa karafuu anahesabu. Anataka kuona kichwa hakijachanua, kwa sababu karafuu iliyochanua imeshapitwa.

Baba mdogo akitaka kishada kizima kikali, mbele hadi nyuma, kipo kishada kilichochumwa na lipo dirisha la nyumbani. Kiweke mezani, funga kamera kwenye stendi, weka f/8, na piga picha kumi au kumi na mbili ukisogeza fokasi milimita mbili kila mara, kutoka karafuu ya mbele mpaka ya mwisho. Programu kama Helicon Focus, Zerene Stacker au Photoshop zitachukua tabaka kali la kila picha na kuziunga. Pale ukali unaupata wote bila kulipa deni la f/22. Shambani usijisumbue. Jani likisogea kati ya picha ya tatu na ya nne utapata karafuu yenye vichwa viwili. Na kamilisha siku ile ile, maana kishada kilichokatwa hunywea.

Ama simu ya dada yako, siri yake ni sensa. Ni ndogo sana, hivyo karafuu inachorwa juu yake kwa udogo mkubwa, na tundu halisi la lenzi yake lina milimita chache tu, ijapokuwa namba inasoma f/1.8. Kawa yake ni nyembamba tangu mwanzo. Kwa hiyo tabaka lake ni nene na vyote vinatoka vikali, pamoja na ukuta wa jirani. Akitaka nyuma kulegee, asitegemee ule ukungu wa programu: huwa unavimeza vikonyo vyembamba na kuyakata meno ya karafuu. Amwambie mtu ashike ile ile kanga, mita moja nyuma, kivulini.