Maswali ya Wasafiri: Saa Moja ya Angani Si Safari Nzima

Kutoka Mtwara hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi, na ni muda gani? (Shangani)

Swali hili halikauki. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita zipatazo 400, na ndege huchukua kama saa moja. Zile 560 mnazozisikia ni za barabara, inayozunguka kupitia Mingoyo, Nangurukuru na Daraja la Mkapa. Ila safari haianzi magurudumu yanapoacha lami. Hesabu njia ya kwenda kiwanjani, ukaguzi, kusubiri mizigo, kisha foleni ya Dar, ambayo jioni huweza kukuweka muda mrefu kuliko uliokaa angani. Ndege ikitua saa tatu, usiahidi mtu kikao cha saa nne Posta.

Mbona nikigawanya kilomita hizo kwa mwendo wa ndege napata nusu saa tu? (Chikongola)

Umegawanya kwa mwendo wa juu kabisa. Katika safari fupi kama hii, sehemu kubwa ya muda ni kupanda na kushuka. Fuata muda wa kwenye tiketi.

Ndege yangu ni saa moja asubuhi. Nikitoka Masasi saa tisa usiku nitawahi? (Masasi)

Njoo jana yake ulale Mtwara. Nimelijibu hili mara nyingi na bado watu wanakosa ndege! Masasi ni kilomita zipatazo 200, na dawati la kupokea abiria hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Likishafungwa, hakuna atakayejali umetoka mbali kiasi gani. Isitoshe, dereva anayekimbizana na ndege usiku anahatarisha watu wa Ndanda na Mtama ambao hawana habari na tiketi yako.

Nakwenda Mwanza. Kupitia Dar si kuzunguka sana? (Mikindani)

Wala. Mtwara hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 1,190. Ukipitia Dar ni kama 1,250. Angani umeongeza dakika chache tu. Kinachokula siku ni kusubiri ndege ya pili. Hapo nawaonya: msinunue tiketi mbili mbalimbali zilizobanana kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo. Ya kwanza ikichelewa, ya pili itaondoka bila wewe, na hasara ni yako. Nunua tiketi moja inayounganisha safari zote mbili.

Pemba ni mbali kiasi gani kutoka hapa? (Newala)

Pemba ipi, ndugu yangu? Pemba ya Msumbiji iko kusini yetu, kama kilomita 300 kutoka Mtwara, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kisiwa cha Pemba kiko kaskazini, zaidi ya 550. Kabla hujalipa, soma jina la nchi kwenye tiketi.

Kuna haja ya kuruka Lindi hadi Mtwara? (Lindi mjini)

Hakuna. Ni kilomita kama 70 angani na 105 barabarani, panda basi. Lakini msiache kukidai kiwanja cha ndege cha Kikwetu, hapo Lindi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, tuliona wazi kwamba kusini hatuwezi kuishi kwa kutegemea barabara moja ya kwenda Dar. Mgonjwa wa rufaa hawezi kungoja kalavati ijengwe upya.