Picha inachanika, na V-Sync ikiwashwa mausi inakuwa nzito

SWALI: Niko Langoni, Lamu. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro ya GTX 1650 na skrini ya 60 Hz. Nikicheza michezo ya kompyuta, fremu (picha ambazo kadi inachora) hufika 140 kwa sekunde, lakini nikigeuka upesi picha inachanika na feni inavuma kama jenereta. Nikiwasha V-Sync, ile mipangilio ya kulinganisha kadi na skrini, picha inatulia, ila mausi inakuwa nzito, na nikiingia mjini penye magari mengi fremu zinaporomoka ghafla hadi 30. Wenzangu wanasema ninunue kadi kubwa zaidi. Ni kweli?

JAWABU: Ndugu yangu, pesa zako kwanza ziache mfukoni. Kadi kubwa kwenye skrini hiyohiyo haiondoi mchaniko.

Skrini ya 60 Hz huchora picha mara 60 kwa sekunde, kuanzia juu kushuka chini, kila mchoro milisekunde 16.7. Kadi yako inamaliza fremu kila milisekunde 7 hivi, kwa hiyo skrini ikiwa katikati ya kuchora inaletewa fremu mpya, nayo inaendelea na hiyo. Simama mbele ya mnazi ndani ya mchezo, uzungushe kamera haraka: shina litaonekana kama limekatwa panga kiunoni, kipande cha juu kikasogea kando.

V-Sync inailazimisha kadi ingoje skrini imalize. Shida ni kwamba kadi yenye kasi haikai bure, inapanga fremu foleni. Zikiwa tatu kwenye foleni, unachokiona kimechelewa kiasi cha milisekunde 50, na huo ndio uzito unaousikia mkononi.

Kuporomoka hadi 30 ni jambo jingine. Chukulia boti ya Mokowe ingekuwa inaondoka kwa saa badala ya kungoja ijae: ukichelewa dakika moja, unangoja inayofuata. Fremu iliyochukua milisekunde 17 imekosa boti ya 16.7, inapanda ile ya 33.3. Ndiyo maana hushuki hadi 55, unaangukia 30 moja kwa moja. Mchezo wenye chaguo la "Triple buffering", yaani nafasi ya ziada ya kuwekea fremu, hupunguza anguko hilo.

Dawa ni kuweka kikomo cha fremu kwanza, halafu V-Sync juu yake. Kadi isipoizidi skrini, foleni haijai.

Anza kwa kuhakikisha skrini iko kwenye Hz zake kamili: fungua mipangilio ya Windows, System, Display, kisha Advanced display. Usishangae kuona 59.94 badala ya 60, na tofauti hiyo ndogo ina maana hapa. Ukiweka kikomo cha 60 juu ya 59.94, foleni itajaa polepole na uzito utarudi. Ukiweka 59, kila sekunde fremu moja hivi itaonyeshwa mara mbili, utaona mshtuko mdogo. Programu ya RivaTuner Statistics Server, ambayo huja pamoja na MSI Afterburner, matoleo yake ya sasa hukubali desimali: andika 59.93, na mshtuko utatokea mara moja kwa sekunde 100. Mchezo ukiwa na kikomo chake wenyewe, kwa kawaida hicho ndicho chenye ucheleweshaji mdogo zaidi, ila vingi havikubali desimali. Njia ya tatu ni NVIDIA Control Panel, "Manage 3D settings", "Max Frame Rate". Chagua mojawapo tu. Vikomo viwili vikigombana mwendo unakuwa wa kukwaruza.

Pale mjini punguza vivuli kwanza. Bado hufiki 60? Funga kwenye 30. Usiweke 45: katika kila fremu tatu moja itaonyeshwa mara mbili, na macho yanachoka kuliko 30 iliyotulia.

Feni nayo itapoa, maana kadi itafanya chini ya nusu ya kazi ya sasa. Kwa joto na hewa ya chumvi ya Lamu, hilo peke yake lingetosha kuweka kikomo.

Ila ule mchezo wa GTA San Andreas wa kompyuta wa 2005 uache na kikomo chake cha asili. Ukikizima mwendo wa mchezo unaharibika, hata kuogelea kunakuwa kwa tabu.

Siku ukitaka kutumia pesa, nunua skrini ya FreeSync, inayongoja fremu badala ya fremu kuingoja. Kadi yako inaikubali, lakini kwa kebo ya DisplayPort, kwa hiyo geuza kompyuta uangalie kama tundu hilo lipo. Soma pia masafa yake, yaani Hz za chini na za juu inazoweza. Yenye 48 hadi 75 Hz hupoteza usawazishaji ukishuka chini ya 48, kwa sababu hapo kila fremu ingebidi ionyeshwe mara mbili, na 75 haifiki mara mbili ya 48. Yenye 48 hadi 144 haina tatizo hilo. Kikomo chake weka 141.